Haki ya Kusema La

Mhadhara wa wazi uliotolewa Sericho, Kaunti ya Isiolo

  

Wataalamu wa mawe huko Ulaya na Marekani wanalijua jina la Sericho kuliko Wakenya wengi. Tangu mwaka 2016, kimondo kilichopatikana huku kwetu, kati ya Sericho na Habaswein, hukatwa vipande vyembamba, kikang'arishwa na kuuzwa kwa bei ambayo mchunga ngamia wa hapa hataiona. Kilishuka kutoka juu, kikaangukia mikono ya watu, na kuanzia hapo ikawa ni habari ya nani kakishika na nani kafaidi. Dini nazo tunaamini zimeshuka kutoka juu. Mimi si mwanazuoni wa mambo ya huko juu. Nitazungumza juu ya mikono ya watu.

Nimeombwa niseme kuhusu nguvu za dini, kulazimishana, na uhuru wa mtu kuchagua, katika Ukristo na Uislamu. Kwa kawaida mada hii ikitajwa, kila upande hukimbilia kuhesabu panga za mwenzake. Mwislamu atataja Hispania, Mkristo atataja vita vya jihadi, jioni inaingia na hakuna aliyejifunza kitu. Mimi nataka tuangalie mahali pengine. Anayeingia katika dini hupigiwa vigelegele, na ukimtazama yeye utasema watu wote wako huru. Mtazame anayekataa: anayekataa kuvaa, anayekataa kusali, anayekataa kubaki. Akisema la, anapoteza nini? Na hicho anachokipoteza kiko mikononi mwa nani?

Nianze na kesi iliyotoka hapa hapa Isiolo. Mwaka 2014, katika Shule ya Sekondari ya St. Paul Kiwanjani, wasichana Waislamu waliombewa ruhusa ya kuvaa ushungi na suruali ndefu pamoja na sare ya shule. Aliyewaombea ni Naibu Gavana wa wakati huo, Mohamed Guleid. Shule ni ya umma, lakini mdhamini wake ni Kanisa la Methodisti. Kanisa likaona utaratibu wa shule unavunjwa na mwanasiasa, likaenda mahakamani. Machi 2015 Mahakama Kuu iliyokaa Meru ikalipa kanisa ushindi: sare ni sare, na kuruhusu vazi la kundi moja ni kuwabagua wengine. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikapindua hukumu hiyo na kuona kwamba kumvua msichana kitu anachoamini kuwa dini yake inamwagiza, kwa sababu tu wenzake hawakivai, ndiko kumbagua. Januari 2019 Mahakama ya Juu nayo ikaufuta uamuzi wa Rufani. Majaji walio wengi hawakusema ushungi ni kosa. Walisema ombi la mzazi aliyewatetea wasichana liliingizwa kinyume cha utaratibu, ndani ya kesi ya mtu mwingine, na anayetaka kuidai haki hiyo afungue shauri lake Mahakama Kuu. Jaji Jackton Ojwang hakukubaliana na wenzake.

Hebu tupige hesabu kidogo. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza mwaka 2014 alimaliza kidato cha nne mwaka 2017. Mahakama ya Juu ilipotamka neno lake, yeye pengine alikuwa ameshaolewa. Haki inayochukua miaka mitano kujibu si rafiki mkubwa wa mtoto wa shule.

Lakini kilichonivutia katika kesi ile ni neno mdhamini. Shule hizi zilianzishwa na makanisa. Sheria ya Elimu ya 1968 ikazitia mikononi mwa serikali, na makanisa yakabaki na cheo cha udhamini. Mshahara wa mwalimu unatoka kwa kodi yako, Mwislamu na Mkristo sawa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamruhusu mdhamini alee roho za wanafunzi, na papo hapo inamtaka alinde imani ya wale wasio wa dhehebu lake. Maneno mazuri. Sasa mzazi wa Isiolo ambaye mtoto wake hakupata nafasi shule nyingine, na nauli ya kwenda mbali hana, amechagua nini? Hakuna aliyemwekea upanga shingoni. Amewekewa shule, na shule katika nchi hii ndiyo riziki ya kesho. Wenzetu wa pwani wana wazee wanaosimulia jinsi walivyobadilishwa majina ili waandikishwe katika shule za misheni: Hamisi akaingia darasani akatoka James. Nao Wakikuyu waliyajua mapema zaidi. Mwaka 1929, katika mgogoro wa tohara ya wasichana, Kanisa la Scotland na misheni nyingine ziliwataka waumini na walimu watie kidole gumba kwenye kiapo cha kuikana mila hiyo. Ukaitwa mgogoro wa kirore, yaani alama ya kidole. Waliokataa walitengwa na kanisa, walimu wakafukuzwa kazi, watoto wakafungiwa shule. Mimi mwenyewe naichukia tohara ya wasichana, na natamani iishe hapa kwetu Waso kabla sijafa. Hilo halinizuii kuona kwamba aliyeshika shule ndiye aliyeshika kidole. Nao waliofukuzwa walikwenda wakajenga shule zao wenyewe, na shule hizo zikawa kero kuu ya serikali ya kikoloni.

Mmetikisa vichwa kukubali, hasa upande ule wa mashekhe. Basi sasa tugeuze zulia. Chukueni mtoto wa muuguzi Mkristo aliyehamishiwa huku na serikali. Msichana wa miaka kumi na mitano, shule ya umma, darasa zima limefunika vichwa. Akiambiwa ajifunike ili asiwe tofauti, na asiye na ushungi asiingie bweni, tutasema nini? Hoja ya Kiwanjani itageuka ituelekee sisi, neno kwa neno. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 hakikuandikwa kwa ajili ya Waislamu wa Kiwanjani peke yao. Kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake, na kinakataza kumnyima mtu shule, kazi au huduma kwa sababu ya imani. Ukikishika kwa Kiwanjani, ukishike na kwa Sericho.

Sasa nije kwetu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu na ndipo penye uchungu.

Babu zetu wa Waso hawakuwa Waislamu. Walikuwa watu wa Waqa, Mungu wa Waborana, wa gada, utaratibu wa marika, na wa Qallu, kiongozi wa ibada ambaye watu walimwendea kwa hija iitwayo muda huko kusini mwa Ethiopia. Serikali ya Waingereza, katika kutenganisha Waborana na Wasomali waliogombania visima vya Wajir, iliwahamishia Waborana wengi huku Waso katika miaka ya 1930. Mwanaanthropolojia Paul Baxter, aliyeishi na Waborana mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika makala iliyochapwa mwaka 1966 akiuliza swali rahisi: kwa nini Waborana wa Waso wameupokea Uislamu, na ndugu zao wa damu kule Marsabit na Moyale wengi wao wameukataa? Hakukuwa na jeshi la Kiislamu lililoshuka Garba Tulla. Alichokiona ni kwamba watu wa Waso walikuwa wamekatika. Walikuwa mbali na Qallu, mbali na sherehe za gada, wamezungukwa na Wasomali Waislamu waliokuwa majirani, wafanyabiashara na wakati mwingine wakwe. Aliyebaki na mila alibaki peke yake. Aliyesilimu alipata udugu unaofika Wajir, Mogadishu hadi Makka.

Je, hiyo ilikuwa hiari? Nimelifikiria swali hili muda mrefu. Nadhani ilikuwa hiari ya mtu aliyehamishwa. Mpaka ulichorwa na mtu mwingine, njia ya kwenda kwa Qallu ikafungwa na mtu mwingine, kisha ndani ya nafasi iliyobaki babu akachagua, na akachagua vizuri kwa macho yake. Sisi wajukuu tunaswali kwa moyo, hakuna anayetulazimisha, na mimi sina nia ya kumrudisha mtu kwenye muda. Ninachosema ni kwamba hata dini tunayoipenda ilitufikia kwa mlango ambao serikali ya kikoloni ilikuwa imeshiriki kuufungua. Ni serikali hiyo hiyo iliyofunga kaskazini yote kwa sheria za wilaya zilizotengwa, ile ya 1902 na ile ya 1934, hata mmisionari akawa anahitaji kibali cha kuingia. Yaani Ukristo ulizuiliwa huku kwa karatasi, kama ulivyosukumwa Kikuyu kwa karatasi.

Kisha vikaja vita vya waasi wa shifta. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, na vita havikutulia hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katikati ya hapo watu wa Waso walikusanywa kwenye kambi za Garba Tulla, Merti na Mado Gashi, mifugo ikafa ndani ya uzio, mingine ikapigwa risasi. Wazee waliopo hapa hawahitaji mimi niwasimulie. Gudrun Dahl, aliyefanya utafiti hapa miaka ya sabini, alikuta jamii iliyokuwa ya wafugaji ikiishi kwa vibarua na chakula cha msaada. Mwenye kugawa chakula mara nyingi alikuwa ni shirika la kanisa. Miaka ikasonga, misaada ya nchi za Ghuba nayo ikafika kaskazini, na visima vilivyochimbwa vikaja pamoja na misikiti. Katika ukame uliotukalia kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ikipita kavu, malori ya kila upande yalirudi.

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Sisemi walioleta unga walikuwa na hila. Wengi walitoa kwa ajili ya Mungu, na kuna watu wako hai katika ukumbi huu kwa sababu ya unga huo. Lakini mwenye njaa akiambiwa aketi asikilize mahubiri kabla ya kupimiwa, au ajiandikishe kwa jina la msikiti kabla ya mtungi wake kujazwa, huyo hawezi kusema la. Na mtu asiyeweza kusema la, ndiyo yake haina thamani hata kwa anayeipokea. Nawaomba wenzangu Waislamu mliolalamikia biskuti za wamisionari mjiulize kama tunazungumza hivyo hivyo pale msaada unapotoka Ghuba.

Kuna wanaodhani kulazimishana kunaishi katika dini moja na hakumo katika nyingine. Kwao ninayo Buganda. Nitaipitia kwa haraka. Kabaka Mutesa alifunga Ramadhani kwa miaka mingi, akajenga msikiti, akasoma Kiarabu, lakini hakutahiriwa. Vijana wa ikulu waliosoma zaidi yake wakakataa kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa na kula nyama ya wachinjaji wake. Mwaka 1876 akawaua, wapatao 70 kwa mapokeo ya Waislamu wa Uganda, huko Namugongo. Miaka kumi baadaye, Juni 1886, mwanawe Mwanga akawachoma vijana Wakristo mahali hapo hapo. Katika mateso yale ya 1885 hadi 1887 Kanisa Katoliki linahesabu mashahidi wake 22, Waanglikana 23. Mwaka 1888 Waislamu wakamtawaza Kalema, na Wakristo wakakimbilia Ankole. Mwaka 1890 Wakristo walikuwa wameshinda na Waislamu ndio waliokimbia. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana wenyewe kwa wenyewe Mengo, bunduki za Kapteni Lugard zikiwa upande wa Waprotestanti, na baada ya hapo vyeo vya uchifu vikagawanywa kwa dini. Ndani ya miaka 16 kila kundi lilikuwa limeuawa, na makundi yote yalikuwa yameshika silaha. Maandiko yao hayakubadilika hata herufi katika muda huo. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa karibu na kiti.

Na kabla ya Buganda kuna Mombasa, na kisa cha mtu ambaye mimi humhurumia kuliko wote. Yusuf bin Hassan alikuwa mtoto mdogo Wareno walipofanya baba yake, mfalme wa Mombasa, auawe mwaka 1614. Wakampeleka Goa, watawa wa Mtakatifu Augustino wakamlea, wakambatiza Jerónimo, na mwaka 1626 wakamrudisha kwenye kiti cha baba yake akiwa mfalme Mkristo juu ya watu Waislamu. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni, akatangaza kwamba amerudi katika Uislamu. Wareno na Waafrika Wakristo wa mji wakapewa uchaguzi: kusilimu au kufa. Wengi walikufa. Huyu ni mtoto aliyenyimwa nafasi ya kukataa, naye alipopata upanga akawanyima wengine nafasi hiyo hiyo. Mwaka uliofuata aliiacha ngome, akaishia kuwa haramia baharini. Wanaotaka kumfanya shujaa wa taifa wanaruka kurasa, na wanaomfanya shetani nao wanaruka kurasa.

Mashekhe wataniuliza: vipi kuhusu maandiko? Aya ya 256 ya Sura ya Al-Baqara inakataza kulazimishana katika dini, na kila mhubiri wa amani anaijua. Watu wachache wanakumbuka kisa chake. Kwa riwaya ya Ibn Abbas iliyomo katika Abu Dawud, wanawake wa Madina waliokuwa wakifiwa na watoto waliweka nadhiri kwamba mtoto akiishi watamlea katika dini ya Kiyahudi. Banu Nadir walipoondolewa Madina, watoto hao walikuwa miongoni mwao. Wazazi wao, ambao sasa walikuwa Waislamu, wakasema hatuwaachi watoto wetu. Ndipo aya ikashuka. Angalieni basi aliyezuiwa ni nani. Mfalme hakutajwa, wala jeshi. Ni mzazi na mtoto wake.

Pamoja na hayo, wanazuoni wa madhehebu yote manne waliandika adhabu ya kifo kwa mwanamume aliyeritadi. Wahanafi wakasema mwanamke afungwe asiuawe. Sisi Washafii hatukumpa hata nafuu hiyo. Kufikiri kuhusu hukumu hii kumeendelea ndani ya Uislamu wenyewe. Mahmud Shaltut, aliyekuwa Shekhe wa Al-Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, alihoji kama adhabu ya kifo inaweza kusimama juu ya hadithi zenye msimulizi mmoja mmoja, ilhali Qur'ani iko wazi kukataza kulazimisha. Na huko Khartoum, Januari 18, 1985, serikali ya Nimeiri ilimnyonga mzee Mahmoud Mohamed Taha kwa kuritadi, mtu aliyekuwa akiswali na kufunga. Kosa lake kubwa lilikuwa kuipinga sharia ya Nimeiri. Mkishaipa serikali fimbo ya kumpiga aliyetoka, msishangae ikimpiga aliyemo.

Wakristo nao wasistarehe. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa nchi ambayo leo ni Algeria, alianza kwa kuamini kwamba hakuna anayeweza kuvutwa kwa nguvu kuingia kanisani. Kisha akaona mji wake mwenyewe ukiacha kundi la Wakristo waliojitenga, la Donatus, kwa kuogopa sheria za kaisari, akapendezwa na matokeo. Mnamo mwaka 408 hivi akaandika barua ya kujieleza, akaegemea ule mfano wa karamu katika Injili ya Luka ambapo mwenye nyumba anaagiza watu waletwe ndani kwa kushurutishwa. Barua hiyo iliwafaa wakandamizaji wa Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kanisa Katoliki lilitangaza rasmi haki ya kila mtu kutolazimishwa katika dini Desemba 1965 tu. Wapo hapa waliozaliwa kabla ya tangazo hilo.

Mnaweza kusema hayo ni ya zamani. Msitu wa Shakahola, Kilifi, ni wa juzi. Tangu Aprili 2023 imefukuliwa humo miili zaidi ya 400, mingi ya watoto, ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Kesi imefikishwa mahakamani na yeye amekana mashtaka, kwa hiyo sitamhukumu hapa. Ila wengi wa waliokwenda msituni walikwenda kwa miguu yao. Walikuwa wameshaondolewa kidogo kidogo kila kitu ambacho kingewasaidia kurudi: watoto shuleni, dawa hospitalini, vitambulisho, jamaa. Mtu aliyekatiwa vyote hivyo, hata ukimwachia uzio wazi, atarudi wapi? Vijana wa Isiolo waliovutwa kuvuka mpaka kwenda kwa Al-Shabaab walianza kwa njia hiyo hiyo, kwa kuambiwa wasimsikilize imamu wa mtaa wala mama.

Nao Al-Shabaab wametuonyesha mwisho wa mchezo. Novemba 22, 2014, karibu na Mandera, abiria wa basi walitakiwa kusoma shahada na aya, 28 wakauawa. Aprili 2, 2015, katika chuo kikuu cha Garissa, wakauawa 148. Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine likasimamishwa, Waislamu wakaamriwa wajitenge, wakakataa. Akina mama waliwapa wanawake Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Kila mtu hulisifu tendo hilo kama ushujaa, na ni ushujaa. Mimi huliona pia kama fatwa. Watu wale waliona kwamba Mkristo anayekariri shahada mbele ya bunduki hajawa Mwislamu, amekuwa mateka tu, na wakakataa kumwachia muuaji apange nani ni wa dini gani.

Nimalizie na jambo la nyumbani, ambalo ndilo gumu.

Tuseme kijana wetu amekwenda chuo Nairobi, akarudi amekuwa Mkristo. Au binti ameolewa na mwalimu Mmeru. Hayo yanatokea, tusijifanye. Sheria ya Kenya haimgusi. Serikali haina dini, kifungu cha 8. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170, inasikiliza ndoa, talaka na mirathi ya watu walio Waislamu wote na wanaokubali kusikilizwa huko. Maana yake hata mjane aliye Mwislamu halisi ana haki ya kusema urithi wangu nataka usikilizwe mahakama nyingine. Haki hiyo ipo kwenye karatasi. Lakini atakayeitumia hapa Sericho atatazamwa vipi kisimani asubuhi yake? Kadhi hamlazimishi. Macho ya watu yanamlazimisha, na hakuna kifungu cha kushtaki macho.

Yule kijana naye, kwa fiqhi, hatamrithi baba yake, kwani tofauti ya dini huzuia mirathi. Na tangu mabadiliko ya 1990, Sheria ya Urithi ya Kenya imeacha mirathi ya Waislamu ifuate sharia. Wengi hapa husimama hapo na kusema amejitakia. Ila fiqhi hiyo hiyo inampa baba nafasi mbili ambazo mashekhe hawazitangazi sana. Baba anaweza kumpa mwanawe ngamia akiwa hai, kwa hiba. Na anaweza kumwandikia wasia ndani ya theluthi ya mali yake, kwa kuwa wasia kwa asiye Mwislamu unaruhusiwa, na huyo si mrithi tena wa kugongana na warithi. Hakuna anayevunja sharia hapo. Naomba maimamu wenye nia njema waseme hili msikitini hata mara moja kwa mwaka, wazee wanaolala na uchungu wa mtoto waliyempoteza walisikie.

Kanisa nalo lina lake. Mkristo aliyesilimu Isiolo mjini, mama yake akifa, ataruhusiwa kusimama kaburini? Mwanamume wa wake wawili aliyekataliwa meza ya Bwana miaka thelathini, atazikwa na nani? Mapadri na wachungaji waliopo wajibu wao wenyewe, nimewakopesha swali.

Mwisho niwaelekee wazee wa dedha, baraza letu la malisho. Kabla ya msikiti na kabla ya misheni, Borana ilikuwa na busa gonofa. Mtu akifilisika kwa ukame au kwa uvamizi, ukoo unakaa, unamhesabia, unamkusanyia ng'ombe wa kuanzia. Swali linaloulizwa ni wewe ni wa Sabbo au Gona, wa ukoo gani, na umepotezaje mifugo. Unasali wapi halikuwa miongoni mwa maswali. Sasa mimi ninaye mtu kichwani, si mtu fulani, ni mtu anayeweza kuwepo: kijana wa ukoo wenu, mifugo yake ilikwisha katika ukame huu uliopita, na Ijumaa haonekani msikitini kwa sababu ameamua hivyo. Ukoo utamkalia kikao au hautamkalia? Mwenyekiti ameniambia kuna nusu saa ya maswali. Ningependa jibu la hilo lije kwanza, na lije kutoka kwenu wazee, kabla vijana hawajaanza kuniuliza mimi.